Mchepuo, njia nne au kupunguza malori? Ulinganisho kwa wanaoishi kandokando ya TANZAM

Kuanzia Nsalaga hadi Songwe, pale Mbeya, barabara kuu ya TANZAM inapita Uyole, Mwanjelwa, Mafiat, Iyunga, mteremko wa Iwambi, Mbalizi na Ifisi. Kote huko barabara ya kwenda Zambia na Kongo ndiyo hiyohiyo ya kwenda sokoni, shuleni na zahanati. Lori lenye shaba linafuatana na bajaji iliyojaa wanafunzi, na nyuma yao kuna basi linalowahi stendi. Pale Uyole yanaingia pia magari ya Tukuyu, Kyela na Malawi. Haishangazi basi kwamba kila mkutano wa mtaa au kijiji katika ukanda huu unafika kwenye suala la barabara, na kwamba watu wanatoka mkutanoni hawajakubaliana.

Hoja zinazoshindana ni tatu. Wengine wanataka mchepuo wa Uyole hadi Songwe, ambao kwenye mipango unatajwa kuwa wa takribani kilomita 49, uwapeleke wapita njia, yaani magari yasiyo na shughuli hapa, mbali na makazi. Wengine wanaona dawa ni kuipanua barabara iliyopo iwe njia nne, kazi ambayo kwa kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, imekwishaingia katika utekelezaji. Wa tatu wanasema tatizo ni malori, kwa hiyo mizigo irudi kwenye reli ya TAZARA, malori yatengewe maegesho na muda wa kupita, na mwendo ndani ya makazi udhibitiwe kwelikweli.

Mfano wangu mkuu ni Mbeya, lakini anayeishi Igurusi, Chimala, Makambako, Ilula, Mlowo au Vwawa ataulizwa maswali hayohayo siku wapimaji watakapofika kwake.

## Vigezo vya kupimia

Nimezipima njia zote tatu kwa mambo matano: foleni, usalama, ardhi na fidia, biashara, halafu muda na matunzo. Ila kuna swali moja linalotangulia yote, na mikutano mingi huliruka: kati ya magari yanayotujazia barabara, mangapi yanapita tu na mangapi yana shughuli hapa?

Jibu halihitaji mtaalamu kutoka Dodoma. Serikali ya kijiji inaweza kuweka vijana wanne, wawili upande wa kuingilia na wawili upande wa kutokea, siku ya gulio na siku ya kawaida, waandike aina ya gari, namba na saa. Gari lililoonekana kuingia na likaonekana kutoka upande wa pili baada ya muda wa kutosha kuvuka tu, hilo ni la kupita. Lililochelewa sana au lisilotokea kabisa lina shughuli kwenu. Anzeni na hesabu hii, kwa sababu mchepuo unaondoa kundi la kwanza pekee. Kijiji ambacho foleni yake ni ya bodaboda, daladala na magari ya mazao kitajengewa mchepuo na kubaki na foleni yake.

## Foleni

Mchepuo una nguvu pale wapita njia wanapokuwa wengi na wazito. Lori moja lenye tela linapopanda Iwambi kwa mwendo wa kutembea linazuia msururu mrefu kuliko daladala ishirini. Arusha ni mfano mzuri wa karibu: mchepuo wa kilomita 42.4 na njia nne za Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, vilijengwa ndani ya mradi mmoja na kuzinduliwa Desemba 2018. Lori linalotoka Namanga kwenda Moshi halina tena sababu ya kuingia mjini. Daladala za Arusha hazikuhamia mchepuoni, wala hazikupaswa kuhamia. Ndiyo maana mchepuo na upanuzi vilikwenda pamoja.

Kampala inatufundisha upande wa pili. Barabara ya mchepuo wa kaskazini, kilomita 21, ilifunguliwa 2009. Sehemu yake kubwa ilikuwa njia moja kila upande, yenye mizunguko kwenye makutano, na mji ukaikimbilia. Ikajaa, ikabidi ipanuliwe na kujengewa madaraja ya juu, kazi iliyokamilika 2021. Mchepuo usiolindwa dhidi ya vibanda, vituo vya mafuta na njia za kuingilia kila mita mia mbili unageuka barabara ya mji baada ya miaka michache. Kwa maoni yangu, kijiji kinachoomba mchepuo bila kuomba hapohapo mpango wa matumizi ya ardhi ya pembeni yake kimeomba nusu ya kitu.

Njia nne zinawasaidia wote, wapita njia na wenyeji, na nafuu yake huonekana mapema. Udhaifu wake uko kwenye makutano. Kama Uyole, Mwanjelwa na Mbalizi zitabaki na makutano ya usawa mmoja, yasiyo na daraja la juu, foleni itahamia kwenye taa na mizunguko. Muulizeni mhandisi kuhusu makutano kabla ya kumuuliza kuhusu upana. Muulizeni pia kuhusu njia ya ziada ya malori kwenye mipando. Mahali pengine hiyo peke yake inapunguza kero kwa gharama ndogo.

Kupunguza malori kunategemea sana reli. TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 ikiwa na uwezo wa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na kwa miaka mingi imebeba sehemu ndogo tu ya hizo. Fanya hesabu: tani milioni 1 kwa malori ya tani 30 ni safari zaidi ya 33,000 kwa mwaka, yaani karibu 90 kila siku. Bomba la TAZAMA, lililokuwa likisafirisha mafuta ghafi hadi Ndola, Zambia, tangu 2023 linasafirisha dizeli, na kila lita inayopita bombani haipiti Mbalizi. Kwa hiyo hoja hii si ndoto. Ila mkutano wa kijiji hauna mamlaka juu ya ratiba ya treni. Unaloweza kulisukuma ni maegesho ya malori nje ya makazi na kuyaondoa yanayolala pembezoni mwa barabara. Hilo huachia upana ambao tayari upo.

## Usalama

Hapa ndipo ninapoona mjadala wetu ukiwa mwepesi kuliko inavyopaswa, kwa sababu kila upande unadhani usalama uko upande wake.

Mchepuo unaondoa hatari kubwa kabisa: lori zito linalofeli breki katikati ya watu, na tenki la mafuta. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hiihii, tenki lilipinduka, watu wakakimbilia mafuta, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafariki. Hakuna tuta wala kibao kinachoweza kuufanya msongamano wa matenki na vibanda kuwa salama. Lakini mchepuo unapeleka mwendo kasi kwenye vijiji ambavyo havijawahi kuuona, ambako watoto wanachunga ng'ombe na mama anavuka kwenda shambani mara nne kwa siku. Kwa vijiji hivyo, kila njia ya miguu na ya mifugo inayokatwa idaiwe kivuko cha chini, na idaiwe kabla michoro haijapitishwa. Kwenye miteremko mirefu, muombe pia njia za dharura za kuegesha gari lililoshindwa kusimama.

Njia nne zinapunguza ajali za kuovateki na kugongana uso kwa uso, ambazo kwenye TANZAM ni nyingi. Kinachoongezeka ni upana wa kuvuka. Mzee anayevuka njia mbili kwa sekunde nane atahitaji mara mbili ya muda huo, na magari yatakuwa yanakwenda kasi zaidi kwa sababu barabara inaruhusu. Bila kisiwa cha katikati cha kusimamia, taa za waenda kwa miguu karibu na shule na soko, na barabara za pembeni za bajaji, upanuzi unawanunulia madereva dakika kwa hatari ya wenyeji. Madaraja ya juu ya miguu peke yake hayatoshi. Mwenye mzigo kichwani, mtoto mgongoni au kiti cha magurudumu hayapandi.

Kudhibiti mwendo ndiyo hatua ya bei nafuu na inayoweza kuanza mapema kuliko zote. Kikomo chetu kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Shirika la Afya Duniani linashauri 30 pale watu na magari wanapochanganyika. Matuta, alama za pundamilia zinazopakwa rangi upya kabla hazijafutika, taa za usiku na trafiki anayeonekana vinaokoa watu mwaka huohuo. Tatizo ni kwamba vyote vinachoka. Tuta lisilo na kibao wala rangi ni ajali inayosubiri usiku, na wanaoishi kando ya tuta wanasikia kila lori likifunga breki na kukanyaga mafuta upya hadi alfajiri.

## Ardhi na fidia

Sehemu hii nitaikalia, kwa sababu ndiyo inayoamua nani atashangilia na nani atalia, na ndiyo watu wanayoijua kwa kusikia tu.

Tuanze na upanuzi. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Ndiyo asili ya zile alama za X zinazochorwa kwenye kuta za kando ya barabara. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 huwekewa X nyekundu, na kwa kawaida huhesabika amevamia hifadhi, hana fidia. Aliye katika zile mita 7.5 zilizoongezwa huwekewa X ya kijani, na eneo lake likihitajika anastahili kulipwa. Kwa hiyo kabla hujasema "tunaunga mkono njia nne", chukua futi kamba upime kutoka katikati ya lami hadi ukuta wako. Tofauti ya mita moja inaweza kuwa tofauti ya kulipwa nyumba nzima na kuambiwa ubomoe mwenyewe. Wapo pia wanaoishi kwenye vipande vyenye hifadhi pana zaidi kwa matangazo ya zamani. Waliovunjiwa nyumba 2017 kati ya Kimara na Kibaha, kupisha njia nane za kilomita 19.2, walikutana na hoja ya aina hiyo. Ofisi ya mkoa ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ndiyo ya kuuliza, na muulize kwa barua.

Mchepuo unavunja nyumba chache na kula mashamba mengi. Hifadhi ya mita 60 kwa kilomita moja ni hekta 6, karibu ekari 15. Kwa kilomita 49 ni hekta zipatazo 294. Kwenye ardhi ya viazi, mahindi na parachichi, hizo ni kaya nyingi. Anayepoteza hapa kwa kawaida hakujenga ndani ya hifadhi yoyote, hivyo ana haki kamili ya fidia. Lakini mara nyingi hana hati, shamba ni la ukoo, na barabara inalikata vipande viwili: kipande kimoja ng'ambo ya lami kinachofikika kwa kuzunguka kilomita kadhaa. Fidia inahesabu ekari iliyochukuliwa. Ugumu wa kufika kwenye ekari iliyobaki ni vigumu kuuthibitisha, na hapo ndipo vijiji vinapopaswa kusema mapema.

Kupunguza malori kunagusa ardhi kidogo sana: eneo la maegesho, labda ekari chache, ambalo kijiji kinaweza hata kulimiliki na kulitoza ushuru.

Kwa njia zozote zenye fidia, yafaa kujua kilichomo. Kwa Kanuni za Ardhi za 2001, mbali na thamani ya ardhi na maendelezo kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, usafiri wa tani 12 za mizigo hadi kilomita 20, na faida iliyopotea kwa miezi 36. Hiyo ya mwisho inahitaji ushahidi wa hesabu. Mama lishe mwenye wateja mia kwa siku asiye na daftari atahesabiwa kibanda tu, na kama kibanda ni cha kupanga, fedha ya kibanda inakwenda kwa mwenye nyumba. Anza daftari leo. Fidia inapochelewa zaidi ya miezi 6 inapaswa kuzaa riba, na uthamini una uhai wa miaka 2. Ukipita bila malipo, kudai urudiwe ni haki yako.

## Biashara

Wafanyabiashara wanaogopa mchepuo, na hofu yao ina msingi, ila haiwagusi wote sawasawa. Wanaoumia ni wanaoishi kwa mpita njia mwenye haraka: fundi tairi, gereji za malori, gesti za madereva na matingo, kituo cha mafuta, muuza chipsi wa saa nane usiku. Wanaonufaika ni wanaouza kwa wakazi na kwa watu wanaokuja makusudi: maduka ya vitambaa na vifaa vya ujenzi, saluni, soko la mazao, maana mteja anapata pa kuegesha na hapumui moshi. Mbalizi na Mwanjelwa zina wateja wa aina ya pili wengi. Kituo kidogo kilichoota kwa sababu ya malori kulala hapo hakina, na kikipitwa kitapungua. Mabasi ya mbali ni kundi la kati: yakipangiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuingia stendi, muuza parachichi anabaki na dirisha lake la basi, yakiachwa yazunguke, linaondoka.

Upanuzi unaiacha biashara mahali pake lakini unairudisha nyuma mita kadhaa, na ujenzi wenyewe unaleta vumbi na njia za muda kwa miaka. Wenye mtaji mdogo hawavuki kipindi hicho kirahisi. Kisiwa cha katikati nacho kinawatenga wateja wa upande wa pili.

Malori yakikusanywa kwenye maegesho rasmi, fedha za madereva zinabaki kijijini ila zinahama mtaa. Swali ni nani atagawiwa vizimba. Wanawake wanaopika barabarani sasa wawe wa kwanza kwenye orodha hiyo.

## Muda na matunzo

Mchepuo huchukua muda mrefu zaidi: upembuzi, usanifu, tathmini ya mazingira, fidia, mkopo, kisha ujenzi. Katikati hapo mashamba yaliyowekewa alama yanakaa bila kupandwa miti ya kudumu, na hiyo ni hasara ambayo haitajwi mkutanoni. Upanuzi ni mfupi zaidi. Matuta na maegesho yanaweza kuwa tayari ndani ya mwaka wa bajeti mmoja.

Swali moja la mchepuo huwa halina mwenyewe: barabara ya zamani itabaki kwa nani? Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa 2017. Barabara ya zamani ikikabidhiwa TARURA ikiwa na mashimo, miaka michache baadaye kijiji kitakuwa na barabara tulivu isiyopitika. Idaiwe ikarabatiwe kwanza, ipate njia za miguu na mitaro.

## Uamuzi kwa hali yako

Kama hesabu yenu ya barabarani imeonyesha wengi ni wapita njia, na hasa malori na matenki, simameni na mchepuo. Wekeni sharti la makutano machache yaliyolindwa, mabasi kuingia stendi, na hatua za muda za mwendo kuanza sasa, kwa maana mtoto anayevuka leo hatasubiri mkopo.

Kama wengi ni wenyeji na wenye shughuli, njia nne zinawafaa zaidi, mradi michoro ionyeshe visiwa vya katikati, barabara za pembeni na makutano. Pale mji ulipokwishajenga hadi ukingoni mwa lami na X nyekundu ni nyingi, pimeni idadi ya kaya zitakazoondoka bila kitu kabla ya kupiga makofi.

Kama kijiji ni kidogo, foleni ni ya saa chache za jioni na kinachoua ni mwendo, anzeni na udhibiti na maegesho. Hamtahitaji kuvunja nyumba hata moja, na uamuzi mkubwa hamjaufunga.

Kama unaishi kwa malori, usipoteze nguvu zote kupinga mchepuo ambao huenda ukajengwa hata hivyo. Ombeni maegesho na huduma kwenye makutano ya kuingilia, na wenye biashara za sasa wapewe nafasi kwanza, kwa maandishi.

Na kama wewe ni mkulima ambaye mstari wa mchepuo unapita shambani kwako, hudhuria mkutano wa hadhara wa tathmini ya mazingira, hata kama ni siku ya kuvuna. Nenda na mipaka iliyothibitishwa na majirani na serikali ya kijiji, picha za mazao zenye tarehe, na ramani ya njia mnazotumia kwenda mtoni, shuleni na malishoni. Hakikisha kila kivuko mlichoomba kimeandikwa kwenye muhtasari wa kikao, na ubaki na nakala yenye mhuri.